Kutoka kaunta buku hadi lahajedwali: mwongozo kamili kwa muuza viazi wa Mbeya

Mfanyabiashara wa viazi mviringo hapa Mbeya kwa kawaida hesabu zake anazijua. Anajua magunia yametoka Isyonje kwa bei gani, anajua muuza chipsi gani hajamalizia. Mengi yako kichwani, yaliyozidi kichwa yako kwenye kaunta buku. Shida ya kaunta buku ni kwamba halijibu maswali. Ukitaka kujua mteja mmoja unamdai jumla shilingi ngapi tangu Januari, ukae chini na kikokotoo ufunue kurasa zote, na ukikosea ukurasa mmoja unaanza upya.

Lahajedwali, yaani programu ya aina ya Excel, hujibu swali hilo papo hapo, ila lina sharti moja: kila seli, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, ibebe kitu kimoja tu. Sharti hilo utalikuta katika kila hatua hapa chini. Watu wengi wanaoiacha Excel baada ya wiki mbili waliandika kwenye kompyuta vilevile walivyokuwa wakiandika kwenye daftari, kisha wakashangaa kwa nini haijumlishi.

Programu ipi

Kama kompyuta yako ina Excel halali, tumia hiyo. Kama haina, weka LibreOffice. Ni ya bure, ilianza mwaka 2010, na sehemu yake ya hesabu inaitwa Calc. Faili la kusakinisha kwenye Windows lina takriban MB 350, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku, na ulichukue kwenye tovuti yenyewe ya libreoffice.org. Ile Excel ya "crack" inayopita kwenye flashi mkono kwa mkono iache ipite. Mara nyingi inakuja na virusi, na virusi vikila faili la madeni, wateja wako hawatakukumbusha.

Google Sheets nayo ni nzuri, lakini inategemea mtandao. Kama kibanda chako kiko mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, anza na programu iliyo ndani ya kompyuta. Ukishajua moja, kuhamia nyingine ni suala la siku chache, maana mpangilio wa seli na fomula unafanana karibu kila mahali tangu VisiCalc ilipotoka Marekani mwaka 1979. Hatua zote za hapa zinafanya kazi Excel na Calc, na zinapotofautiana nitasema.

Rekebisha tarehe kabla ya kugusa kitu kingine

Kompyuta nyingi zinazouzwa huku zinakuja na mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Ukiandika 3/4/2025 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, kompyuta inaelewa Machi 4 na inanyamaza kimya. Ukiandika 25/4/2025 haioni mwezi wa 25, basi inayachukua kama maneno tu. Kwa hiyo nusu ya tarehe zako zinakuwa za uongo na nusu nyingine si tarehe kabisa.

Fungua "Settings" ya Windows, ingia "Time & language", tafuta "Region", na kwenye "Regional format" chagua "English (United Kingdom)". Funga programu ya hesabu, uifungue tena. Kama kompyuta si yako na huwezi kubadili kitu, andika mwaka kwanza: 2025-04-03. Mtindo huo haupotoshwi.

Skrini

Fungua shiti mpya, yaani ukurasa mtupu wa jedwali. Herufi za juu, A, B, C, ni safu zinazoshuka. Namba za pembeni ni mistari. Pale safu B inapokutana na mstari wa 3 ndipo ilipo seli B3. Juu kuna kisanduku kirefu kinachoonyesha kilichomo hasa ndani ya seli uliyoichagua, na macho yako yazoee kwenda huko, kwa sababu seli inaweza kuonyesha 640 huku ndani yake kuna fomula nzima.

Tab inakupeleka kulia, Enter inakushusha chini. F2 inafungua seli uirekebishe bila kufuta yote. Ctrl+Z inarudisha nyuma ulichoharibu. Ctrl+S inahifadhi, na hiyo ibonyeze kila baada ya mistari michache, hasa kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba. Umeme hauagi.

Hifadhi sasa hivi, kabla hujaandika kitu. Ipe jina linaloeleweka, mfano mauzo-viazi-2025, na kwenye aina ya faili chagua .xlsx hata kama unatumia Calc, ili mhasibu au mtoto wako aweze kulifungua popote. Ile aina ya zamani ya .xls iache. Mwisho wake ni mistari 65,536, na Oktoba 2020 Uingereza ilijikuta na wagonjwa 15,841 wa Uviko ambao hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu data zao zilipitishwa kwenye faili za aina hiyo zikajaa. Shiti ya .xlsx ina mistari 1,048,576.

Shiti ya kwanza: Mauzo

Chini kushoto kuna kichupo kilichoandikwa "Sheet1". Kibonyeze mara mbili, ukiite Mauzo. Kisha kwenye mstari wa 1 andika vichwa, kimoja kwa kila safu, na chini yake mauzo. Hivi, kwa bei za mfano:

| | A | B | C | D | E | F | G | H | I |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Tarehe | Mteja | Aina | Gunia | Kilo | Bei kwa kilo | Jumla | Amelipa | Baki |
| 2 | 2025-04-03 | Chipsi Kabwe | Arka | 3 | 312 | 800 | | 200000 | |
| 3 | 2025-04-03 | Mgahawa Uyole | Kikondo | 1 | 97 | 900 | | 87300 | |
| 4 | 2025-04-04 | Chipsi Soweto | Arka | 2 | 221 | 800 | | 100000 | |
| 5 | 2025-04-05 | Chipsi Kabwe | Kikondo | 1 | 104 | 900 | | 0 | |

Safu G na I ziache tupu kwanza.

Tazama jinsi magunia na kilo vilivyotenganishwa. Kwenye daftari ungeandika "gunia 3 kilo 312" na wewe ungeelewa. Kompyuta ingeona maneno tu. Hali ni hiyohiyo ukiandika "312kg" au, hili ndilo linalowaponza wengi, "800/=". Ile alama ya shilingi tuliyoizoea tangu darasa la kwanza inageuza namba kuwa maneno, na ukijaribu kuzidisha utapata #VALUE!. Andika 800 basi. Kipimo kimeshatajwa kwenye kichwa cha safu.

Kuna njia rahisi ya kujua kama umekosea bila kusubiri fomula ikatae: namba hukaa upande wa kulia wa seli, maneno upande wa kushoto. Pitisha jicho kwenye safu E. Ukiona moja imeegemea kushoto, hiyo si namba, hata kama inafanana na namba. Tarehe nazo zikae kulia. Ukitaka koma za maelfu, usiziandike kwa mkono. Bonyeza herufi ya safu uichague yote, kisha Ctrl+1, na uchague mtindo wa namba wenye koma na bila desimali. Namba ya simu ni kinyume: ukiiandika kama namba, sifuri ya mbele inapotea. Itangulize na alama ya ' ili ibaki kama maneno, maana hakuna siku utakayojumlisha namba za simu.

Mbona kuna safu ya Gunia na ya Kilo, kwani gunia halitoshi? Kwa sababu ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Gunia la Chipsi Soweto lina wastani wa kilo 110 na nusu, la Mgahawa Uyole lina 97. Ungeuza kwa gunia, tuseme 80,000, yale mawili ya Soweto yangekupa 160,000. Kwa kilo yamekupa 176,800. Tofauti ya 16,800 ingeondoka na mteja, kwenye gunia lenye kilemba, na kaunta buku lisingekuambia. Pima kwa mizani, andika kilo. Gunia liwe la kumbukumbu ya kuhesabu mzigo tu.

Fomula

Nenda G2. Andika =E2*F2 kisha Enter. Inatokea 249,600. Alama ya = ndiyo inayoiambia seli kwamba hapa kuna hesabu. Nyota ni kuzidisha, mkwaju wa / ni kugawanya.

Sasa usiandike tena kwa mistari mingine. Rudi G2, angalia kona ya chini kulia ya seli: kuna kimraba kidogo. Kishike na kipanya ukiburute hadi G5. Ukibonyeza G3 utaona programu yenyewe imebadilisha kuwa =E3*F3. Kila fomula inatazama mstari wake. Fanya hivyohivyo kwa Baki: I2 iwe =G2-H2, buruta chini.

Jumla zako zinapaswa kuwa 249,600, 87,300, 176,800 na 93,600. Baki iwe 49,600, 0, 76,800 na 93,600. Zikitofautiana, kuna seli umeiandika vibaya.

Ukiona #### usiogope, safu ni nyembamba tu, ipanue kwa kuvuta mpaka wake juu. #NAME? maana yake umekosea jina la fomula. #DIV/0! umegawanya kwa seli tupu.

Kisha gandisha mstari wa vichwa ili usipotee ukishuka chini. Kwenye Excel ni "View", "Freeze Panes", "Freeze Top Row". Kwenye Calc ni "View", "Freeze Cells", "Freeze First Row".

Majina yasitofautiane

"Arka" na "Arka " yenye nafasi mwishoni ni vitu viwili tofauti kwa kompyuta, ingawa kwa jicho ni kimoja. Herufi kubwa na ndogo haijali, nafasi inajali. Leo umeandika Chipsi Kabwe, kesho Chips Kabwe, na tayari una wateja wawili wenye nusu deni kila mmoja.

Dawa yake ni orodha ya kuchagua. Chagua seli za safu C kuanzia C2 kushuka, ingia "Data", kisha "Data Validation" kwenye Excel au "Validity" kwenye Calc, halafu chagua "List". Kwenye Excel andika Arka,Kikondo kwa koma. Kwenye Calc kila jina kwenye mstari wake. Kuanzia hapo seli inakupa mshale wa kuchagua, na ukiandika kitu kisichomo inakataa. Fanya hivyo na kwa wateja wa kila siku. Inachukua dakika chache na inaokoa ugomvi mwingi.

Shiti ya pili: Gharama

Bonyeza alama ya + karibu na vichupo, uiite Gharama. Safu A weka maneno, safu B namba:

A1 Kununua, B1 400000
A2 Usafiri, B2 60000
A3 Kupakia na kushusha, B3 12000
A4 Ushuru, B4 8000
A5 Jumla, B5 =SUM(B1:B4)
A6 Kilo zilizonunuliwa, B6 750
A7 Gharama kwa kilo, B7 =B5/B6

B5 inatoa 480,000 na B7 inatoa 640. Hiyo 640 ndiyo kilo moja ilivyokugharimu mpaka imefika kibandani. Wengi wanaijua bei ya shambani tu, na usafiri wanauona kama mambo ya njiani.

Rudi Mauzo, weka kichwa kipya J1: Faida. Kwenye J2 andika =G2-E2* halafu, badala ya kuandika jina la shiti, bonyeza kichupo cha Gharama, bonyeza seli B7, na ubonyeze F4 mara moja mpaka uone alama za dola, kisha Enter. Excel itaandika Gharama!$B$7, Calc itaandika kwa nukta badala ya mshangao, ndiyo maana ni bora kubonyeza kuliko kuchapa. F4 ikigoma, ingia ndani ya fomula uziweke $ kwa mkono. Jibu la J2 ni 49,920. Iburute hadi J5.

Zile alama za dola hazihusiani na pesa. Zinasema: ukiburuta fomula hii, seli hii isisogee. Jaribu bila hizo uone. J3 itaacha kutazama B7 na kutazama B8, ambayo ni tupu, yaani sifuri. Faida ya Mgahawa Uyole itatokea 87,300, sawa na mauzo yote, kana kwamba viazi ulipewa bure. Faida yake ya kweli ni 25,220. Hapa hakuna #VALUE! wala rangi nyekundu. Kosa la namna hii ndilo la kuogopa kwenye lahajedwali, kwa sababu linatoa namba nzuri. Kila ukimaliza kuburuta fomula, bonyeza seli ya mwisho usome imeandikwa nini.

Shehena ya pili ikija, ijaze kwenye safu C ya Gharama, buruta B5 na B7 kwenda kulia, na mistari mipya ya Mauzo ielekeze $C$7.

Shiti ya tatu: Malipo

Chipsi Kabwe akija wiki ijayo na 50,000, kishawishi ni kurudi kwenye mstari wake na kubadili "Amelipa". Usifanye hivyo. Ukifuta namba ya zamani umepoteza tarehe, na siku akisema "lakini nilikulipa" huna cha kumwonyesha. Safu ya Amelipa ibaki kwa kilichotolewa siku ya mauzo. Tengeneza shiti inayoitwa Malipo yenye safu nne: Tarehe, Mteja, Kiasi, Njia. Kila anapolipa ni mstari mpya, na kwenye Njia andika taslimu au M-Pesa au vyovyote alivyolipa.

Shiti ya nne: Muhtasari

Hapa ndipo jumla zote zinakaa. Watu huweka jumla chini ya jedwali la mauzo, kisha kila siku wanaihamisha ili kupisha mistari mipya, mpaka siku moja wanaisahau katikati nayo inajumlishwa pia.

Andika =SUM( halafu nenda shiti ya Mauzo, bonyeza herufi G juu kabisa, funga mabano, Enter. Umejumlisha safu nzima, na mistari ya kesho itaingia yenyewe. Kichwa cha safu ni maneno, kwa hiyo kinarukwa. Utapata 607,300. Fanya hivyo kwa kilo (734), kwa Amelipa (387,300) na kwa Baki (220,000).

Kwa deni la mteja mmoja mmoja, andika jina lake kwenye seli, tuseme A10, na pembeni yake:

=SUMIF(Mauzo!B:B,A10,Mauzo!I:I)-SUMIF(Malipo!B:B,A10,Malipo!C:C)

Maana yake: pita safu ya wateja kwenye Mauzo, kila unapokuta jina lililo A10 jumlisha baki yake, kisha toa yote aliyolipa baadaye. Kwenye Calc weka nukta badala ya kila alama ya mshangao. Kompyuta ikikataa koma, weka nukta-mkato badala yake, inategemea mpangilio wa nchi. Chipsi Kabwe alikuwa na 143,200. Baada ya kuleta 50,000 zimebaki 93,200.

Sasa linganisha namba tatu. Kwenye safu ya Faida jumla ni 137,540. Lakini mauzo 607,300 ukitoa gharama 480,000 unapata 127,300. Zile 10,240 zimekwenda wapi? Ulinunua kilo 750, ukauza 734. Kilo 16 zimeoza, zimechubuka au zimeliwa nyumbani, na kila moja ilikugharimu 640. Safu ya Faida inahesabu kilo zilizouzwa tu, haijui kilichobaki stoo. Shehena ikishaisha, badilisha B6 iwe kilo zilizouzwa, na gharama kwa kilo itapanda hadi karibu 654. Hiyo ndiyo bei ya kuanzia mazungumzo ya shehena ijayo.

Na namba ya tatu: kabla ya ile 50,000 kuingia, mkononi ulikuwa na 387,300 dhidi ya 480,000 ulizotoa. Faida ipo, lakini mfuko umepungua kwa 92,700, kwa sababu 220,000 ziko kwenye vibanda vya watu.

Kupanga na kulinda

Ukitaka kupanga mauzo kwa mteja au tarehe, simama ndani ya jedwali na ubonyeze Ctrl+Shift+L, vishale vitatokea kwenye vichwa, panga kwa kutumia hivyo. Usichague safu moja peke yake na kuipanga. Programu ikikuuliza kama ipanue uteuzi, kubali, la sivyo majina yatahama na madeni yatabaki palepale, na kila mteja atarithi deni la mwenzake.

Nakala ya faili iwe mahali pengine kila Jumamosi jioni: flashi inayokaa nyumbani, au jitumie kwa barua pepe. Weka tarehe kwenye jina la nakala, ili nakala mbovu ya leo isifunike nzuri ya wiki iliyopita.

Kuhama kutoka kwenye kaunta buku

Usijaribu kuingiza kurasa za miaka miwili. Chagua siku, anza na mauzo ya siku hiyo. Kinachohitaji kuhama ni madeni ya zamani tu, na hayo usiyaweke kwenye Mauzo, yatavimbisha mauzo ya mwezi huu. Yaweke kwenye Malipo kwa alama ya kutoa mbele: mteja unayemdai 35,000 za zamani, kwenye Kiasi andika -35000, na kwenye Njia andika "deni la zamani". Kwa kuwa fomula ya Muhtasari inatoa malipo, ikikuta hasi itaongeza, na deni lake litaanza na 35,000. Kaunta buku liweke chini ya meza kwa miezi mitatu ya kwanza, maana wapo watakaobisha kiasi hicho, na hao watataka kuona mwandiko.